Inchi Mbili za Futi ya Mama

Harufu ya kitambaa kilichobabuka kwa pasi ya makaa hainitoki puani. Si harufu ya moshi wala ya makaa yenyewe. Iko kati ya nywele zilizoungua na mkate uliosahauliwa jikoni. Karakana yangu hapa Bungoma inatumia pasi ya umeme siku hizi, lakini stima ikipotea, na stima yetu hupotea kana kwamba ndiyo kazi iliyoandikwa, fundi mmoja huivuta ile pasi ya zamani kutoka chini ya meza. Akizubaa kidogo tu, harufu inapanda. Ikipanda, mimi huwa na miaka kumi na mmoja, niko Kitale, na kuna mtu ninayetaka kumkomesha.

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi ni mtu wa kinyongo. Wako wanaosamehe na kusahau, Mungu awazidishie. Mimi nikisahau, ujue nina malaria. Haya ninayokusimulia nimeyabeba tangu nikiwa darasa la tano, na sijawahi kuyatua chini hata kwa mapumziko.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alianza na chereheni moja kwenye baraza la duka la vitambaa la familia moja ya Kalasinga, akishona pindo za suruali na kutia viraka, mpaka wenye duka wakampangisha chumba cha nyuma. Chumba kile ndicho kilichonilea. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta, redio iliyoshika stesheni moja, na vumbi la pamba lililoelea hewani asubuhi jua likiingia. Chereheni tatu zilipiga kelele kwa zamu, na nilijua kwa sauti tu ni ipi inayohitaji mafuta.

Mama mwenyewe hakukata wala hakushona sana baada ya biashara kukua. Alipima. Shingoni alivaa futi ya kitambaa, ya manjano, iliyoanza kufifia tarakimu. Futi hiyo ilikuwa na kilema. Zamani, kule barazani, pasi ya makaa iliilalia kichwani ikaunguza inchi mbili za mwanzo. Mama alikata sehemu iliyoungua, akapinda ncha, akaishona, akaendelea na maisha. Kwa hiyo futi ya Mama haikuanza na sifuri. Ilianza na mbili. Mtoto mwenye kifua cha inchi ishirini na sita, futi ya Mama ilisema ishirini na nane.

Ungedhani atanunua nyingine. Hakununua. Alisema futi ile ndiyo iliyomtoa barazani na hawezi kuitupa kwa sababu ya inchi mbili. Aliandika kwenye daftari kile futi ilichosema, na daftari likienda kwa Fundi Wanyonyi, mkataji wetu, yeye alitoa mbili kichwani kabla ya kugusa chaki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote. Fundi aliijua, mafundi wa kushona waliijua, mimi niliijua kabla sijajua kuhesabu vizuri. Ilikuwa kama kujua kwamba mlango wa nyumbani kwenu hufunguka ukiuinua kidogo.

Kisha alikuwepo Kukhu, mama yake Mama. Alikuwa ametoka kwake Kabuchai kuja kunilea nilipozaliwa, nami nilipokua akahamia karakana. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango akiwa na mkasi mdogo wa mikono myeusi, akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo. Mteja akiingia angemwona bibi kizee anayeota jua. Lakini hakuna nguo iliyotoka mle ndani bila kupita mapajani mwake. Aliigeuza ndani nje, akavuta mishono kwa vidole gumba, akainusa, ndiyo, akainusa kama imeungua. Ikiwa ni ya mtoto, aliniita.

"Naliaka, kuja uvae hii."

Nikivaa, alinitazama kutoka pale kigodani akasema, "Inua mikono." Nikainua. "Fuuta pumusi." Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hapo ndipo aliposema "Iende," na nguo ikaenda. Nimevaa sare za nusu ya shule za Trans Nzoia bila kusoma hata moja.

Mwaka huo Mama alifungua duka la pili Bungoma. Wateja wengi walikuwa wakitoka huko, akaona awafuate. Akawa anakaa Bungoma wiki nzima na kurudi Kitale Jumamosi. Simu ya mkononi alikuwa nayo, ile nene yenye pembe, lakini mtandao aliupata akisimama nyuma ya choo tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ilibidi aache mtu.

Kila mtu alidhani atakuwa Fundi Wanyonyi. Fundi mwenyewe alikuja Jumatatu ya kukabidhiana na shati lililopigwa pasi. Badala yake Mama aliingia na Anti Violet, dada mdogo wa Baba, aliyekuwa amemaliza kozi ya biashara na kukaa nyumbani miezi minane. Baba alikuwa ameongea. Damu ni damu, alisema, na Mama hakutaka maneno na ukweni. Mbele yetu sote alimvalisha Anti ile futi shingoni, akampa funguo, akawahi gari la Bungoma. Hakusema lolote kuhusu inchi mbili. Nadhani hata hakukumbuka kwamba ni jambo la kusemwa.

Anti Violet alikuwa na mabega yaliyonyooka na viatu vilivyogonga sakafu. Siku ya tatu alileta karatasi ya manila na kalamu za rangi, akachora chati. Sikuwahi kuona chati. Yalikuwa masanduku yaliyounganishwa kwa mishale. Juu kabisa, Mkurugenzi, huyo Mama. Chini yake, Meneja, yeye mwenyewe, kwa wino mwekundu. Kisha Supavaiza, ambaye alikuwa Rukia wa chereheni ya kwanza, mama mpole wa kutoka mitaa ya karibu na msikiti aliyependa amani kuliko cheo. Kisha Mkataji, Washonaji, na chini kabisa, Vifungo. Vifungo ni mimi, likizo na Jumamosi. Pembeni kulikuwa na sanduku la Dereva na la Mlinzi wa Usiku, na gari hatukuwa nalo wala mlinzi. Yaliandikwa "nafasi wazi."

"Kutoka leo," Anti alisema, akigonga karatasi kwa rula, "amri inashuka, swali linapanda. Kila mtu anauliza mwenye yuko juu yake, si kurukaruka. Fundi, ukiwa na swali unaambia Rukia. Rukia ananiletea Ijumaa kwa mkutano."

"Na kama swali ni ya Jumanne?" Fundi Wanyonyi aliuliza.

"Tayari umeruka," Anti akamjibu.

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo shuleni. Pale karakana kuuliza kukawa utovu wa nidhamu. Mimi nilikuwa naisoma chati ile kutoka juu hadi chini, kutoka chini hadi juu, nikitafuta jina moja. Mlinzi ambaye hayupo alikuwa na sanduku. Kukhu hakuwa nalo.

Ijumaa hiyo, mbele ya wateja wawili na mwenye duka aliyekuja kuchukua kodi, Anti alisimama mbele ya kigoda.

"Kukhu, hii ni biashara, si nyumbani. Kila mtu hapa ana kazi. Wewe unaweza kupumzika Kabuchai, si tutakutumia kitu?"

Kukhu alimtazama. Hakuwa mtu wa kujibizana. Alimaliza kukata uzi wa shati alilokuwa nalo, akalikunja, akaliweka juu ya mengine, akasimama kwa awamu mbili kama kawaida yake. Mmoja wa wateja alicheka kidogo, kicheko cha aibu, na mpaka leo namkumbuka uso. Kule nje Kukhu alinishika mkono akaniwekea ule mkasi mdogo wa mikono myeusi, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Shika hii," alisema. "Nguo isitoke bila kuinua mikono."

Kisha alirudi hadi mlangoni akamwambia Anti maneno mawili matatu ambayo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nalia. Asubuhi yake akaenda Kabuchai na mfuko wake wa kamba.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaacha kulia nikaanza kazi. Nilitia chumvi kwenye chai ya Anti. Niliificha kalamu yake nyekundu. Nilimfundisha mtoto wa duka la mbele kumsalimia "Shikamoo Nyanya," na yeye alikuwa msichana mbichi. Visasi vya kitoto, vilimtekenya tu. Mama alikuwa amefika jioni ya Jumamosi ileile, akaambiwa na Anti, mbele yangu, kwamba Kukhu alijisikia kupumzika, na Mama, aliyekuwa amechoka mpaka macho yamezama, alisema labda ni vizuri, miguu yake ilikuwa inamsumbua. Nilingoja niulizwe. Sikuulizwa. Nikaona basi, hata Mama yumo.

Baada ya hapo nilichukua kigoda. Hakuna aliyeniambia nikae, hakuna aliyenikataza. Niliketi pale mlangoni nikishona vifungo na kukata nyuzi kwa mkasi wa Kukhu, na kila nguo iliyotoka ilipita mapajani mwangu. Nilikaa pale kwa shari, Anti aone kila akipita kwamba nafasi ile ina mwenyewe.

Mungu hamtupi mja wake mwenye hasira. Wiki ya tatu shule moja ya msingi ya upande wa Tongaren ilitaka sare za kwaya. Watoto wao arobaini walikuwa wanakwenda kuimba kwenye mashindano Bungoma, na walitaka blauzi na mashati ya rangi ya samawati yenye vifungo vya dhahabu hadi shingoni, kila mtoto kwa kipimo chake. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupewa. Anti alisema kazi kama hiyo Meneja huenda mwenyewe. Na Meneja, alisema, hawezi kufika mbele ya mwalimu mkuu na utambi wa taa shingoni. Akaivua futi ya Mama, akaitupa kwenye kikapu cha vipande, akanunua nyingine pale dukani mbele. Ilikuwa mpya, nyeupe, na ncha zake zote mbili zina chuma. Ilianza na sifuri kama futi za watu wengine.

Nilikwenda naye kuandika. Ilikuwa likizo, ila kwaya ilikuwa imebaki kwa mazoezi. Watoto walipanga mstari nje ya darasa, yeye akapima na kutaja, mimi nikaandika daftarini. Kifua ishirini na sita. Mkono kumi na tisa. Kulikuwa na msichana wa rika langu, Nafula, mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili wake.

"Mimi ndiye naanzisha wimbo," aliniambia wakati Anti akimzungushia futi. "Wenzangu wananyamaza kwanza, naimba peke yangu. Halafu sote tunainua mikono."

Nilimwambia vizuri. Nikaandika ishirini na sita.

Na hapo, wasomaji wangu, kalamu ikiwa mkononi, nilielewa. Daftari hili litakwenda kwa Fundi Wanyonyi. Fundi atasoma ishirini na sita, na kwa mazoea ya miaka tisa atatoa mbili. Atakata ishirini na nne. Atatoa mbili kifuani, mbili mkononi, mbili kila mahali, na inchi mbili za kifua ndizo nafasi yote ya kupumua. Nilihitaji kuandika maneno mawili tu juu ya ukurasa: futi mpya. Niliona mahali pa kuyaandika. Karibu na tarehe palikuwa peupe, pananingoja.

Nikafunga daftari. Raha niliyoisikia siku ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu.

Fundi alikata. Nilimwona akisoma, akitoa mbili kwa kutikisa kidole kama alivyozoea, akipiga chaki. Mara moja aliinua macho akatazama shingo ya Anti, iliyokuwa na kitu cheupe, akaiangalia chati ukutani, akarudi kwenye kitambaa. Chereheni zikanguruma siku nne. Blauzi zikaja mapajani mwangu moja baada ya nyingine. Nilizishona vifungo vya dhahabu kwa uzi maradufu, nikakata nyuzi, nikakunja. Zilionekana ndogo kidogo, lakini watoto nao ni wadogo. Anti alipita mara mbili tatu akanitazama usoni, nami nikamtazama kwa macho ya upole kabisa. Jioni ya mwisho zikafungwa kwenye karatasi, zikaenda Tongaren.

Watoto walivalia nyuma ya ukumbi kule Bungoma, dakika chache kabla ya kuitwa. Anti alinipeleka nione matunda ya kazi, na Mama alifunga duka akaja, amevaa kitenge chake kizuri, akawaambia wanawake wawili aliokaa nao kwamba sare za kwaya inayofuata zimeshonwa kwake. Wakaingia. Walisimama wima kupita kiasi, mikono imebana ubavuni, kama walioambiwa kuna nyuki mgongoni. Mikono ya blauzi iliishia juu ya vifundo vya mikono. Mwalimu alikuwa na jasho.

Nafula alianza. Ile sauti ilipanda mpaka paa, na kwa muda nilisahau nimekuja kufanya nini. Kisha akavuta pumzi kwa ajili ya mstari wa pili. Kifungo cha juu kikatoka kikagonga ubao wa jukwaa, tik, halafu cha pili. Alishika kifua kwa mkono mmoja akaendelea kuimba. Wenzake wakapokea, na wakainua mikono, wote arobaini, walivyofundishwa.

Uzi wangu ulikuwa maradufu. Haukukatika, ulitoka na kitambaa chake. Vifungo viliruka, kwapa zikaachana, mishono ikalia, na ukumbi ukaanza kucheka, kwanza nyuma, halafu kote. Nafula aliimba maneno mengine matatu. Kisha akakimbia amejikumbatia, akapita karibu yangu, na nikaona anavyolia bila sauti, yeye mwenye sauti ile yote.

Nilimtafuta Anti. Alikuwa amekaa, mdomo wazi, mkono kwenye futi yake nyeupe. Ndicho nilichokuwa nimekitaka. Nilijilazimisha kufurahi, na nusu yake niliipata. Uongo wa nini? Niliipata.

Lakini jambo lilikuwa halijaisha kushuka. Kesho yake karakana Kitale, Mama aliweka blauzi moja iliyoraruka mezani. Anti aliisimamia chati yake: kupima kulikuwa sawa, alitoa daftari, nambari hizi hapa, pima mtoto yeyote utaona. Na kweli zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye kukata. Akaweka kidole kwenye sanduku la Mkataji.

"Wanyonyi," Mama alisema, "ulitoa mbili?"

"Nilitoa kama kawaida, Mama Naliaka."

"Na hukuona futi ni ingine?"

Fundi alitazama sakafu. "Si tuliambiwa tusiurize? Sikuuriza."

Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa nimekaa mlangoni, hatua tatu kutoka mezani. Fundi Wanyonyi alikusanya rula yake ya mbao na chaki zake, akaondoka baada ya miaka tisa. Shule zikaambiana. Kwanza Tongaren, halafu nyingine, mpaka chereheni mbili zikawa zimefunikwa mchana kutwa. Kabla ya mwaka kuisha Mama alirudisha funguo za chumba kwa mwenye duka, akabaki na Bungoma peke yake. Rukia alikwenda kushona nyumbani kwake. Anti Violet aliolewa Bumula na tukawa tunaonana kwenye matanga.

Krismasi tulikwenda Kabuchai. Nilikuwa nimebeba habari ile kama zawadi. Nilimngoja Kukhu abaki peke yake akichambua maharagwe, nikamwambia yote: futi, daftari, vifungo, ukumbi ulivyocheka. "Tulimkomesha, Kukhu," nikamalizia.

Hakucheka. Alichambua kama maharagwe kumi hivi.

"Nilikuachia mkasi ya nini?" akauliza.

"Iko nyumbani, Kukhu. Haijapotea."

Akarudi kwenye ungo wake. Nilidhani amezeeka. Alifariki nikiwa kidato cha pili, hakuwahi kuliulizia tena.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Fundi Wanyonyi soko la Bungoma, mvi tupu, nikamwomba msamaha. Alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema futi mpya aliiona siku ileile ya kwanza. Rukia naye aliiona, na msichana wa chereheni ya tatu pia. "Vile alifukuza mama mzee," alisema, "tulisema acha Meneja aone. Si yeye ndiye anajua?" Kumbe kisasi nilichodhani ni changu peke yangu kilikuwa cha karakana nzima. Kila mmoja alikaa kwenye sanduku lake, akafanya kazi yake sawasawa, akanyamaza.

Basi Desemba iliyopita stima ikiwa imepotea na ile harufu imepanda, mlango wangu ulifunguliwa na Anti Violet. Amenenepa, miguu imevimba, anatembea kwa kushika vitu. Alitaka gauni la kitenge la siku ya mahari ya binti yake. Nilimkaribisha kwa heshima zote. Nikampima kwa futi nzima isiyo na kilema. Kifua kilikuwa arobaini na mbili, na mkono wangu, ninakuapia sikuupangia, ukaandika arobaini.

Kevo, mkataji wangu, kijana wa kofia, aliichukua karatasi akaisoma, akamwangalia Anti, akaisoma tena.

"Madam, hii forty ni ya nani? Huyu mathe si forty, bana. Akiketi tu imeraruka."

"Wewe kata."

"Sikati. Si umpime tena?"

Kwangu sina chati. Mwenye mkasi anaweza kumuuliza mwenye futi, hata mbele ya mteja. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka iwe hivyo, na nimewahi kumsifu Kevo kwa maswali madogo kuliko hilo. Nikachukua futi tena.

"Anti, inua mikono," nikasema. "Vuta pumzi."

Alivuta. Na futi ikiwa imemzunguka, nikamwambia. Inchi mbili, pasi ya makaa, daftari, na kwamba sote tulijua. Alishusha mikono polepole.

"Mlijua nyote?"

"Sote."

"Mimi miaka yote hii nilidhani Wanyonyi alikuwa ananichukia."

"Alikuchukia, Anti. Sote tulikuchukia. Kwa sababu ya Kukhu."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa muda mrefu, na lilitoka vizuri, moto kama nilivyolihifadhi. Anti aliketi kwenye kigoda cha mlangoni bila kukaribishwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Naliaka. Mamako alinipa futi na funguo, akapanda gari. Kukhu nilimkosea, hilo najua, na sikupata nafasi ya kumwambia." Alisugua goti. "Lakini hata yeye siku ile alirudi mlangoni akaniambia, nguo usiwe na wasiwasi, Naliaka ndiye ataziangalia. Nimemwachia mkasi. Ndiyo maana ukikaa hapo na zile blauzi nilikuwa nakupitia nikuangalie. Nilikuwa nangoja useme. Hukusema kitu, nikajua ziko sawa."

Kevo aliuliza kama akate sasa. Nilimwambia angoje kidogo.

Nguo arobaini zilipita mapajani mwangu, nami nilikuwa wa kimo kilekile cha Nafula. Ningevaa moja tu. Ningeinua mikono. Katika biashara ile nzima, Mama alikabidhi futi bila kilema chake, na Anti alikabidhi masanduku yenye mishale. Mtu mmoja tu ndiye aliyekabidhi kazi, akasema ni kazi gani, akatoa na chombo chake, akamjulisha na meneja. Alinikabidhi mimi. Mimi nikadhani nimeachiwa hasira.

Nilifuta arobaini nikaandika arobaini na mbili. Sijui kama nimemsamehe Anti, na siwezi kukudanganya. Lakini gauni lilipokwisha nililiweka mapajani, nikalikata nyuzi kwa mkasi wa mikono myeusi, nikaligeuza ndani nje, na Anti alipokuja kulichukua nilimwambia alivae palepale kabla ya kulitoa nje.